Mlima Blorenge Upandwe Kutoka Chini

Wageni wengi wa Blorenge, kusini mwa Wales, huegesha gari karibu na kilele, wakatembea kidogo tambarare, wakapiga picha na kuondoka. Mlima wenyewe ni wa mita 561 tu, na karibu zote wamepandishwa na gari. Kwa maoni yangu, hao hawajaupanda wala hawajauona.

Anzia kijiji cha Llanfoist, kwenye mfereji ambako chuma cha mji wa Blaenavon, upande wa pili wa mlima, kilipakiwa mashuani kuelekea bandari ya Newport. Kutoka pale njia inakwea msituni, kali ya kukutoa jasho hata wakati wa baridi. Ni njia ya reli ya Thomas Hill, mmoja wa wenye kiwanda cha chuma cha Blaenavon, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1820. Injini haikuwepo: mabehewa yaliyosheheni yakishuka, uzito wake uliyavuta matupu juu kwa mnyororo. Tazama miguuni unapopanda. Mataruma yalikuwa ya mawe, na mengine bado yamo ardhini, na matundu yake palipopigiliwa reli. Tia kidole humo, uguse kazi ya mtu.

Juu ya msitu, farasi ndio waliovuta. Njia inazunguka ubavu wa mlima hadi Garn Ddyrys, palipokuwa na karakana ya kufua chuma. Limebaki bonge kubwa, jeusi, la mavi ya chuma, na kondoo wanaokula nyasi kandokando. Hata bwawa la Keeper's Pond, ambalo watu hulipiga picha kama ziwa la asili, lilitengenezwa kuipatia karakana hiyo maji. Ndiyo maana inaniuma nikisikia mlima huu ukisifiwa kuwa haujaguswa na binadamu. UNESCO iliingiza eneo la Blaenavon kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa sababu ya jasho hilo la wafanyakazi hasa. Foxhunter, farasi wa dhahabu ya Olimpiki ya Helsinki 1952, amezikwa kule juu, na jina lake linajulikana. Waliochonga mataruma wanajulikana na nani?

Kileleni ni vichaka vifupi vyenye maua ya rangi ya zambarau, jamaa wa vile vya Kilimanjaro, na rundo la mawe la Enzi ya Shaba, la namna ambayo watu wa enzi hiyo walifunikia wafu wao. Kwenye vilele vingi vya Uingereza wapandaji huchomoa mawe ya marundo kama hili wajikingie upepo. Naomba tuache kabisa. Upepo ukizidi, vaa koti, au shuka.