Sikukamatwa Italia, Jamani

Kwa mliosikia kwenye grupu la ukoo kwamba nimekamatwa Italia kwa kukwepa tozo ya barabara: sikukamatwa. Polisi hata hawakuwepo. Mtangazaji wa habari hiyo ni binamu yangu aliyekaa kiti cha pembeni, na chumvi aliyotia haipimiki. Haya, lisikieni la dereva.

Safari yenyewe ilipangwa vizuri, hilo nalitetea hadi kesho. Kutoka Firenze tulishika barabara ya SR222, ile Chiantigiana inayokatiza mashamba ya zabibu, Greve, Castellina, mpaka Siena. Ni kama kilomita 70 tu, ila kona tupu. Itengee saa mbili na usikimbizane na mtu. Halafu bonde la Val d'Orcia: San Quirico, Pienza, kisha Montepulciano. Tukavuka kuingia mkoa wa Umbria, ziwa Trasimeno, Perugia, Assisi. Kurudi ni A1, barabara kuu ya kulipia, moja kwa moja. Gari lilikuwa la kukodi: leseni ya kimataifa ninayo pamoja na ya nyumbani (beba zote mbili, la sivyo utanyimwa funguo), na kadi ya krediti ina jina la dereva, siyo la shemeji. Miji ya kale tuliegesha nje ya kuta, mistari ya buluu, tukalipia mashine. Ukijipenyeza ndani ya ZTL, yaani eneo la katikati ya mji lisiloruhusu magari ya wageni, kamera inakupiga picha, na faini inakufuata kwenu miezi baadaye ukiwa umeshasahau hata jina la mji.

Shida ilikuwa gari lenyewe, Fiat Panda. Usukani kushoto, gia za mkono, na penye indiketa pana waipa. Nyie mliozaliwa na kukulia kwenye Vitz na IST mnanielewa. Kila kona ya Chianti nilikuwa nafagia kioo, jua linawaka, mpira unalia kwii, kwii. Wazee wa Greve mliosimama kunitazama, nawasalimu.

Sasa getini.

Kwenye A1 unachukua tiketi ukiingia, unalipa ukitoka. Tuliingilia Valdichiana, tiketi nikamkabidhi binamu. Tukafika geti la kutokea la Firenze Sud jioni, foleni imenoga. Njia zinatawanyika, kila moja na alama yake juu: nyeupe yenye mkono na sarafu ni ya fedha taslimu, buluu ni ya kadi, njano ni Telepass, yaani wenye kifaa chao cha kulipia kwenye kioo. Haya yote niliyajua. Lakini kwetu dereva mpole anakaa kushoto, nami ni mpole, basi nikajisogeza kushoto taratibu, moyo mweupe. Kule kushoto ni kwa wenye haraka, na njia za Telepass mara nyingi wamezipanga huko huko.

Nikasimama. Hakuna kibanda cha mtu. Hakuna tundu la tiketi. Hakuna pa kutia hata senti. Kuna boriti tu, imelala mbele ya pua ya gari, haina habari na mimi. Nikaitazama. Nikaachia klachi, gari likazima. Nyuma yangu kigari cha mizigo kikapiga honi, cha nyuma yake kikaitikia. Nikapapasa nitafute hazadi, waipa zikaamka kwa kasi ya gharika, maji ya sabuni yakaruka juu ya paa. Binamu anapiga kelele, "Rudi nyuma! Rudi nyuma!"

(Usirudi. Getini ni marufuku na faini yake inauma. Mimi niliokolewa na Panda: gia ya nyuma haiingii mpaka uinue kijipete kilicho chini ya kirungu, na mikono ilikuwa inatetemeka.)

Nikabonyeza kitufe cha msaada. Sauti ya mama mmoja ikatoka, Kiitaliano kitupu. Nikajibu kwa utajiri wangu wote wa lugha: "Turista. Scusi. Telepass, no." Kimya. Waipa kwii, kwii. Kisha sauti ikauliza neno moja: "Biglietto?"

Nikamgeukia binamu. Binamu akageukia dirisha.

Tiketi alikuwa ameifutia vidole vyenye gelato, aiskrimu yao, akaitupa na tishu kwenye kituo cha mapumziko. Sehemu hii grupuni haikufika, sijui kwa nini. Na bila tiketi, mfumo unakuhesabia umeingia kituo cha mbali kuliko vyote.

Boriti ikainuka. Deni likaandikwa kwenye namba za gari, nikalilipa mtandaoni ndani ya zile siku 15, maana ukilala linamfikia mwenye gari naye anakuongezea gharama zake. Gari likarudi bila mkwaruzo. Mkataba ulitaka tanki la mafuta lirudi limejaa, likarudi limejaa. Tanki la maji ya waipa haukulitaja, na hilo lilirudi kavu.