Baltimore walijenga timu kwa vijana, je Dodoma Jiji wanaweza kuiga?

Jumapili jioni pale Chang'ombe ya hapa Dodoma, tumemaliza mazoezi na madogo, mwenzangu ninayefundisha nae akatoa hoja ambayo imenikaa kichwani wiki nzima. Anasema Dodoma Jiji, timu yetu ya mpira wa miguu ya ligi kuu, wauze wakongwe wote, wacheze na vijana wa U20 kwa miaka mitatu, wakubali kufungwa, afu mwaka wa nne tutawasumbua Simba na Yanga. Mfano wake ni Baltimore Orioles, timu ya besiboli ya Marekani. Mi besiboli naifuatilia toka nikiwa chuo (Wajapani wameileta mpaka shuleni huku kwetu, Azania pale Dar wana uwanja wake kabisa) kwahiyo nilijua anachoongelea, na kiukweli nusu ya hoja yake naikubali, nusu nyingine inaniogopesha.

2018 Orioles walicheza mechi 162, ndo urefu wa msimu wao, wakapoteza 115. Novemba mwaka huohuo wakamchukua Mike Elias kuwa meneja mkuu, jamaa alitokea Houston Astros, timu iliyopoteza mechi 111 mwaka 2013 na 2017 ikabeba ubingwa. Akaja na Sig Mejdal, mtu wa takwimu aliyewahi kufanya kazi NASA. Staa hawakununua hata mmoja. Nguvu yote ikaenda kwenye timu za chini, makocha wa vijana, vipimo vya kila mpira unaorushwa na kila unaopigwa, na kusaka watoto Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, eneo ambalo klabu ilikuwa imelipuuza miaka mingi.

Sasa kule kuna kitu kinaitwa drafti. Timu zinapeana zamu kuchagua vijana wanaotoka shule na vyuo, na kwa miaka hiyo aliyefanya vibaya zaidi ndo alikuwa anaanza kuchagua. Yaani kufungwa kunalipa. 2019 Orioles wakachagua namba moja, Adley Rutschman, kecha, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mpira. 2022 wakachagua namba moja tena, Jackson Holliday. Katikati hapo ni mateso matupu, 2019 wamepoteza 108, 2021 wamepoteza 110 na ndani yake kuna mechi 19 mfululizo hawajashinda hata moja. Mei 2022 Rutschman akapandishwa timu kubwa, msimu ukaisha na ushindi 83. 2023 ushindi 101, wakaongoza kundi lenye Yankees na Boston, na watazamaji uwanjani kutoka karibu milioni 1.3 mwaka 2019 wakafika milioni 1.9.

Ukiishia hapo mwenzangu ameshinda hoja. Ila angalia ni nani hasa waliibeba ile timu. Gunnar Henderson, mchezaji bora chipukizi wa 2023, alichaguliwa namba 42. Maana yake zamu 41 zilipita na hakuna aliyemtaka, hata Orioles wenyewe walianza na mwingine. Huyu hakuhitaji timu ifungwe mechi 115 ili apatikane, alihitaji mtu wa kumuona na mwalimu wa kumnoa. Houston ni hivyohivyo, Jose Altuve walimsajili Venezuela 2007 kwa dola 15,000, miaka kabla ya ule mpango wa kufungwa haujaanza, na yule waliyemchagua namba moja 2013 baada ya kufungwa sana, Mark Appel, hakuwahi kuwachezea mechi hata moja ya ligi kuu. Kwahiyo mi naona watu wanachanganya mambo mawili, kulea vijana na kufungwa makusudi, wanadhani ni kitu kimoja kwasababu Baltimore na Houston waliyafanya kwa wakati mmoja.

Lakini tuwe wa haki, upande wa pili una uzito wake. Rutschman alikuwa namba moja kweli, na Carlos Correa wa Houston 2012 pia, hao bila kushika mkia usingewapata. Afu kuna subira. Brandon Hyde alipewa timu kabla ya msimu wa 2019, akapoteza mechi zaidi ya 100 mara mbili na hakuguswa, 2023 akawa kocha bora wa mwaka. Huku kwetu kocha akifungwa mechi tano mfululizo mabegi yako mlangoni, halafu tunashangaa kwanini hakuna anayethubutu kumpa namba dogo wa miaka 18. Kocha anayeogopa kufukuzwa Jumatatu hawezi kumchezesha mtoto Jumapili, na hili kwangu ndo somo kubwa kuliko drafti.

Kilichofuata Baltimore ndo watu hawapendi kukisimulia. Oktoba 2023, baada ya ushindi wote ule, wakakutana na Texas Rangers wakatolewa 3-0. Rangers ni nani? Timu iliyopoteza mechi 102 mwaka 2021, wakafungua pochi, Corey Seager dola milioni 325, Marcus Semien milioni 175, na miaka miwili baadae wakachukua ubingwa wenyewe. Ndio, na wao walikuwa na vijana wao kina Josh Jung na Evan Carter, ila nguzo zilinunuliwa. 2024 Baltimore wakashinda 91, Kansas City wakawatoa 2-0. 2025 wakashinda 75 tu, wakashika mkia kwenye kundi lao, na Hyde akafukuzwa mwezi Mei.

Nini kilikwama? Warushaji, wale wanaomrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Miaka yote ile raundi ya kwanza Elias alikuwa anachagua wapigaji. Corbin Burnes, mrushaji wao bora wa 2024, alivyoondoka kwenda Arizona kwa dola milioni 210, wao wakaziba pengo kwa mkataba wa mwaka mmoja wa Charlie Morton mwenye miaka 41 na mwingine wa Tomoyuki Sugano mwenye 35, na vijana wao wawili wa kutegemewa kwenye urushaji walikuwa na majeraha. Vijana walikuwepo, waliokosekana ni watu wazima wa kuwashikilia. Wakulima wa Hombolo hawahitaji kuelezwa hili, mzabibu unaupanda leo na zabibu za maana unazisubiri mwaka wa pili au wa tatu, lakini nguzo na waya unaviweka mapema, usipoviweka mche unatambaa chini na unaoza pamoja na matunda yake.

Tuje Jamhuri sasa, uwanja wa nyumbani wa Dodoma Jiji. Ligi yetu ina timu 16, mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja na mbili za juu yake zinaenda kucheza mechi za mchujo. Marekani hakuna kushuka daraja, Baltimore walifungwa 115 na mwaka uliofuata wako palepale na Yankees wanakuja kwao. Sisi tukifungwa hivyo msimu mmoja tu tuko Championship, ligi ya chini yake, udhamini umepungua, na hao madogo tuliowalea wanaondoka. Na hapa kuna jambo mwenzangu alilisahau kabisa, mchezaji wa kule lazima amalize miaka sita ya ligi kuu ndo awe huru kwenda anakotaka, kwahiyo aliyemlea anakula jasho lake. Kwetu dogo akifunga magoli saba, Simba na Yanga wa Kariakoo wanapiga simu, na kama mkataba wake ni wa mwaka mmoja unabaki kumtakia safari njema.

Kingine, timu ni mali ya Jiji. Mama anayelipa ushuru pale soko la Majengo ana haki ya kuona timu inaingia uwanjani kutafuta ushindi, kila wiki. Kumwambia avumilie miaka mitatu ya kufungwa kwa mpango ni kumkosea, na hata mashabiki wa Baltimore walikosewa, sema wao walikuja kulipwa na 2023.

Mi ningefanya hivi, kipa na mabeki wa kati wabaki wakongwe, vijana watatu au wanne waanze kila mechi pembeni na kiungo, tena waandikwe kwenye mkataba wa kocha ili asihukumiwe kwa matokeo peke yake. Vipaji viko, kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kila mwaka tunaviona kwa macho yetu afu vinapotelea kwenye bodaboda. Na kila dogo anayepandishwa asaini miaka minne siku hiyohiyo anayopandishwa, mzazi wake akiwa amekaa pembeni yake, kabla hajagusa mpira wa ligi kuu.