Shemeji, Usiachie!

Leo asubuhi nimekanyaga breki ya pikapu yangu, na pedali ikateremka taratibu, bila haraka wala aibu, hadi ikakaa sakafuni. Gari lilikuwa bado halijasogea, kwa hiyo hakuna aliyeumia isipokuwa mimi, kwani jana kutwa nilishinda chini ya gari hilohilo nikizitengeneza breki hizohizo. Mwenye pikapu kuukuu hahitaji kuelezwa nilivyojisikia, na asiyekuwa nayo hataelewa hata nikimchorea.

Naomba ifahamike kwamba mimi si mtu wa kubahatisha. Nilikusudia kazi ya kistaarabu: kubadilisha silinda ndogo ya gurudumu la nyuma iliyokuwa ikivujia ndani ya dramu, kumwaga mafuta ya zamani ya breki, kutia mapya, kutoa upepo ulionaswa ndani ya mirija yake, kisha kunawa mikono na kuingia ndani kama mtu mwenye heshima zake. Mafuta ya zamani yalikuwa meusi kama wino. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani hata gari likiwa limelala tu, na unyevu huo huyapunguzia uwezo wa kustahimili joto: ya daraja liitwalo DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishakunywa maji ya kutosha huweza kuchemka kwenye nyuzi 140, yakageuka mvuke, na mvuke hubonyea, nawe uko kwenye mteremko. Yote hayo niliyajua. Elimu sikukosa, nilichokosa ni mguu wa pili.

Kutoa upepo kwa njia yetu sisi tusio na mashine ni kazi ya watu wawili. Mmoja huketi ndani, akakanyaga na kushikilia. Mwingine hulala chini, akalegeza niple, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye gurudumu, mpaka mafuta na mapovu yatoke, akaikaza, ndipo wa ndani aachie. Akiachia mapema, upepo uliotoka hurudi ukiwa na jamaa zake. Nikamwomba shemeji yangu, mtu mpole, msikivu na mwenye mguu mzito. Tukaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali, kama inavyopasa, na tukakubaliana maneno matatu: kanyaga, shikilia, achia.

“Kanyaga, shemeji!”

“Nimekanyaga, shemeji.”

“Shikilia!”

“Nimeshikilia.”

Nikalegeza niple, mapovu yakatoka, nikaona dunia ina utaratibu. Spana ikaniteleza. Nikiwa naipapasa mchangani, nikapaza sauti kumtahadharisha: “Usiachie!” Sasa, neno likipita chini ya chasisi, likazunguka tairi na kupenya mlango uliofungwa, silabi zake mbili za kwanza hubaki njiani. Kilichomfikia yeye ni “achie”, naye kwa kuwa ni mtu msikivu, akaachia. Nikasikia upepo ukirudi ndani kwa mluzi.

“Nimeachia, shemeji!” akatangaza, kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu.

Tukabadilisha lugha. Nikapendekeza tutumie neno moja tu, “tayari”. Nikauliza, “Tayari?” nikiwa na maana kwamba je, ameshikilia? Akajibu, “Tayari!” akiwa na maana kwamba ameshaachia zamani. Tulitoa upepo na kuurudisha kwa muda ambao sitautaja, kila mmoja akiwa tayari kwa namna yake.

Hatimaye tukaacha maneno kabisa. Nitagonga chasisi kwa spana: mara moja, akanyage, mara mbili, aachie. Mpango huo ulikwenda vizuri mno mpaka tulipofika kwenye niple ya mbele, ambayo kutu ilikuwa imeishika kama deni. Nikaipulizia mafuta ya kulegeza, nikasubiri, kisha nikachukua nyundo nikaigonga kidogokidogo, kama wafanyavyo mafundi ili isikatikie ndani. Niligonga mara 14. Nilipotoka chini nilimkuta shemeji amejikunja juu ya usukani, jasho linamtiririka, mguu unatetemeka, na akaniuliza kwa adabu kama nilikuwa na hakika na hesabu zangu. Kabla sijajibu nikafunua boneti, nikakuta kopo la mafuta la silinda kuu limekauka kabisa, maana yake tulikuwa tukisukuma upepo mtupu kuutoa upepo.

“Nilidhani unaliangalia wewe, shemeji,” akasema.

Mimi! Niliye chini ya gari, uso umetazama difu, nimeziba jicho moja kwa sababu ya mafuta, niliangalie kopo lililo juu ya injini kwa kutumia nini?

Tukalijaza, tukarudia magurudumu yote manne, na magharibi pedali ikawa ngumu kama jiwe. Tukapeana mikono. Ndipo leo ikateremka. Wala si upepo tena; upepo huifanya pedali iwe kama sponji, na ukiipampu mara kadhaa hupanda. Pedali inayozama polepole chini ya mguu uliotulia, na mafuta hayavuji popote, maana yake ni raba za ndani ya silinda kuu. Raba hizo kwa miaka yote zilikuwa zikitembea sehemu fupi ya juu, na jana mguu mzito wa shemeji ukazisukuma hadi mwisho, penye kutu na uchafu wa miaka, zikachanika. Silinda kuu mpya, kwa hiyo. Na silinda kuu mpya hudai kutolewa upepo, magurudumu yote.

Usukani sitaki hata kuuzungumzia. Pampu yake inalia kama mbu aliyenyimwa usingizi, kwa sababu nayo imeingiwa na upepo, na dawa yake ni kuinua magurudumu ya mbele, kuzima injini, na kuuzungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho mara 20 hivi huku ukiongeza mafuta. Hayo mafuta ni mekundu, ya giaboksi ya otomatiki, na ole wako uyakosee ukayatia kwenye kopo la breki, maana raba zote zitavimba. Yangu hayakai kwenye kopo lolote kwa muda mrefu, kwa kuwa mpira wa presha unavuja tangu nilipolinunua gari hili. Nimepita na tochi kukagua uvujaji huo, nikaona jambo la ajabu: chasisi yote imeliwa na kutu, isipokuwa pale mafuta ya usukani yanapodondokea, ambapo rangi ya kiwandani inang’aa na kila nati inafunguka kwa vidole. Kwenye niple ile iliyoshikwa na kutu, hapavuji kitu hata tone.