Mdoli hauna bibi

Mdogo wangu alipopoteza mtoto leba, nesi alimpa habari akiwa amesimama mlangoni: "Mama, mtoto hakupona. Saini hapa." Kalamu tayari ameinyoosha. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi, na siku hiyo niliona kitu ambacho ndugu zangu hawakukiona: mkono ulioshika kalamu ulikuwa unatetemeka. Yule binti hakuwa katili. Hakuna aliyewahi kumfundisha la kufanya na mtetemeko ule.

Sisi tunafundisha mikono. Kwenye chumba cha mazoezi wanafunzi wanapulizia hewa mdoli wa kichanga mpaka wanaiweza "dakika ya dhahabu", yaani mtoto asiyepumua asaidiwe kabla dakika ya kwanza haijaisha. Mazoezi hayo yanaokoa watoto, siyabezi hata kidogo. Ila mdoli hauna bibi anayesubiri nje kwenye benchi.

Kwa sababu hiyo naupenda ule wa uzazi, MamaNatalie. Mtu mzima anauvaa tumboni. Yeye ndiye anayeamua damu itoke kiasi gani, na ndiye anayeita, anayeuliza, anayelia. Ukimsemesha ovyo, anakujibu.

Hapa Kigoma tulimwomba mama mmoja Muha, aliyezaa saba, aigize bibi wa mtoto aliyefariki, anayesubiri kupewa habari. Akajifunga kitenge, akakaa. Mwanafunzi wa kwanza akasahau hata shikamoo. Akaanza kueleza mapigo ya moyo, hewa, dawa, macho kwenye faili. Bibi akamwacha amalize, kisha akauliza: "Sasa mjukuu wangu yuko wapi?" Chumba kizima kikawa kimya.

Kilichofuata ndicho ninachokitetea kwa nguvu zote. Tulivuta viti tukakaa duara, bila alama. Nikamuuliza yule mwanafunzi mwili wake ulikuwa unamwambia nini. Akasema koo lilikauka, alitaka kukimbia. Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer, katika makala yao ya mwaka 1990 kuhusu akili ya hisia, wanaanzia hapo hapo: uzitambue hisia zako na za mwenzako, kisha zikuongoze unapofikiri na kutenda. Kwenye mkoa huu wauguzi wetu wanapokea akina mama walioshuka kwenye boti za ziwani, na wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu ambao wengine wamezika wengi kabla ya kufika wodini. Tunawapelekaje huko bila kuwafanyisha zoezi hili hata mara moja?

Najua ratiba za vyuo zimejaa. Lakini hapa hakuna mashine ya kununua: ni benchi, kitenge na saa moja. Na mama alipwe posho yake, kwani kuigiza msiba kunachosha kweli.

Yule mwanafunzi aliomba kurudia. Akaacha faili mezani, akaamkia, akaketi kwenye benchi lile lile. "Bibi, mjukuu wako amefariki." Akanyamaza. Bibi akamshika mkono. Ulikuwa bado unatetemeka, naye hakuuondoa.