Akiba ya Karo: Meneja Apimwe kwa Kigezo Gani?

Kampuni inayoendesha akiba ya karo ya chuo ina mteja wa aina yake. Mzazi anaanza kuweka fedha mtoto akiwa mchanga, na ni baada ya miaka 18 ndipo anajua kama alichagua vyema. Meneja aliyempokea huenda ameshahama kampuni mara kadhaa, na marupurupu yake alishayala zamani.

Nchini Marekani kazi hii hufanywa zaidi kupitia mipango ya 529, iliyopewa jina la kifungu cha sheria ya kodi kilichopitishwa mwaka 1996. Mipango ni mali ya majimbo. Kampuni za uwekezaji huajiriwa kuiendesha. Fedha zikitumika kwa elimu, faida yake haitozwi kodi ya serikali kuu. Zikitumika kwingine, faida hukatwa kodi pamoja na adhabu ya asilimia 10.

Mameneja wengi hupenda kupimwa kwa idadi ya akaunti mpya, na wana hoja. Mfuko ukikua, gharama hugawanywa kwa wengi na tozo zinaweza kushuka. Tena, wazazi wengi hata hawajui kwamba mipango hii ipo. Wakala anayelipwa kamisheni humkalisha mzazi chini, akamweleza na kumsaidia kujaza fomu. Anayejifungulia akaunti mwenyewe hulipa tozo ndogo zaidi, lakini huyo mara nyingi ni mtu aliyekwisha kuzoea mambo ya uwekezaji.

Hata hivyo kamisheni hiyo inatoka mfukoni mwa mtoto. Mzazi akiweka dola 200 kila mwezi kwa miaka 18, na fedha zikazaa asilimia 6 kwa mwaka, atakuta takriban dola 77,500. Tozo zikila asilimia moja tu ya hizo sita, zinabaki kama 69,800. Hakuna siku hata moja ambayo mzazi ataona hizo dola 7,700 zikiondoka, na meneja anayetazama mauzo peke yake hatakuwa na sababu ya kumwonyesha.

Kuna hatari kubwa kuliko tozo. Mwaka 2008, familia za jimbo la Oregon zilizokuwa zimewekewa fedha kwenye fungu la tahadhari, yaani lililokusudiwa kuwa na hatari ndogo, wengine wakiwa na watoto waliokaribia chuo, ziligundua kwamba ndani yake mlikuwa na mfuko wa hati fungani wa kampuni ya uwekezaji ya OppenheimerFunds, uliobeba dhamana za mikopo ya nyumba, ambazo thamani yake hutegemea wakopaji kulipa. Mfuko huo ulipoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake mwaka huohuo. Jimbo lilifungua kesi, ikaishia kwa makubaliano ya dola milioni 20. Hapo mauzo hayakuwa na kosa. Palikosekana mtu wa kuuliza mapema, kwa ukali, fungu linaloitwa la tahadhari limebeba nini.

Hoja ya mawakala nayo imepunguzwa nguvu na jimbo la Maine. Huko wakfu wa Harold Alfond humtengea kila mtoto mkazi anayezaliwa dola 500 za elimu. Mwanzoni mzazi alipaswa kuomba. Baadaye ikawa moja kwa moja, na watoto wote wakafikiwa bila mtu kulipwa kamisheni. Ni kweli, dola 500 bila mzazi kuongeza chochote hazifiki mbali, na kumshawishi aongeze bado ni kazi ya watu.

Mimi ningelibakiza lengo la mauzo, ila liwe dogo. Uzito mkubwa ningeuweka kwenye akaunti ambazo bado zinachangiwa baada ya miaka mitano, na kwenye hali ya mafungu ya waliokaribia chuo soko linapoanguka. Sehemu ya marupurupu icheleweshwe hadi matokeo hayo yaonekane. Ugumu ni nani wa kulazimisha hayo: majimbo mengi nayo hujikatia sehemu ya tozo kwa ajili ya usimamizi, kwa hiyo mfuko unapovimba, msimamizi wa meneja naye ananufaika.