Vardy na swali la "una miaka mingapi?"

Jumanne ya tarehe 2 Februari 2016, mechi ya Leicester na Liverpool ilianza karibu saa tano usiku kwa saa zetu. Kibanda umiza cha mtaani kwetu kilikuwa na watu wachache, wengi tulikuwa tumebaki kwa sababu tulishalipa kiingilio cha mechi ya mwanzo. Kipindi cha pili Riyad Mahrez wa Leicester akapiga mpira mrefu kutoka nusu ya kwao. Ukadunda mbele ya mshambuliaji mwenzake, Jamie Vardy. Hakuutuliza. Aliupiga vilevile ulivyoinuka, kutoka mbali, na Mignolet, kipa wa Liverpool, akabaki anageuza shingo kuutazama wavuni. Mwenye kibanda, ambaye ni Liverpool wa damu, aliinuka akaenda nje kuangalia jenereta ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Jamaa mmoja nyuma yangu akasema, "Huyo juzijuzi tu alikuwa anacheza ndondo." Watu wakacheka. Tangu siku ile sentensi hiyo imekuwa ikinikera, kwa sababu ni kweli nusu tu.

Ukweli wenyewe ni huu. Vardy alizaliwa Sheffield Januari 1987. Sheffield Wednesday walimwacha akiwa na miaka 16, wakimwona mfupi mno. Akaenda Stocksbridge Park Steels, timu ya mji mdogo jirani, akawa analipwa pauni 30 kwa wiki. Mchana alikuwa kiwandani akitengeneza vifaa vya kushikilia viungo vya wagonjwa. Mwaka 2007 alitiwa hatiani kwa ugomvi nje ya baa, akafungwa bangili ya kielektroniki mguuni na kutakiwa awe nyumbani kila jioni. Kwa hiyo kwenye baadhi ya mechi za ugenini kocha alilazimika kumtoa mapema ili awahi nyumbani kabla muda haujapita.

Wanaosimulia habari zake hupenda kubaki hapo: kiwanda, pauni 30, bangili, kisha wanaruka moja kwa moja hadi kwenye kombe la Ligi Kuu ya Uingereza la 2016. Ukiuliza katikati kulikuwa na nini, unajibiwa "bidii". Bidii naikubali, lakini wenye bidii nawajua wengi. Wapo wanaobeba zege hadi saa tisa alasiri na saa kumi wako uwanjani wamefunga soksi kwa kamba ya katani. Kilichokuwa chini ya miguu ya Vardy na ambacho hawa hawana ni ngazi, na ngazi haisimuliwi kwa sababu haina machozi.

Ligi nne za juu za Uingereza zina klabu 92. Zilizo chini ya hapo wanaziita "non-League", yaani zisizo za ligi, jina linaloweza kukufanya udhani hakuna ligi kabisa, kumbe ni ligi juu ya ligi, kila moja na ratiba yake, waamuzi, tiketi za getini na posho ndogo ya mchezaji. Anayeongoza anapanda. Zamani hata hilo halikuwa na uhakika, maana klabu ya chini ilikuwa inaomba kura ili iingizwe ligi ya nne, na wenye kura walikuwa wakubwa wenyewe. Msimu wa 1986/87 ndio bingwa wa daraja la tano alianza kupanda bila kuomba, na Scarborough wakawa wa kwanza. Vardy alizaliwa katikati ya msimu huohuo. Sisemi nyota zilipangwa, ila ukitaka kujua kwa nini Fleetwood Town, klabu ya daraja la tano wakati ule, walikuwa na sababu ya kutoa hela kwa mshambuliaji wa ligi za chini, anzia hapo.

Tazama bei zake. Mwaka 2010 FC Halifax Town walimchukua kwa pauni 15,000. Halifax nao walikuwa wanapanda kutoka kaburini, maana klabu ya zamani ilizama kwenye madeni mwaka 2008, ikaundwa upya na kuanzia chini. Walitwaa ubingwa naye msimu huohuo. Mwaka 2011 Fleetwood wakamchukua, akafunga mabao 31 ya ligi na klabu ikapanda kuingia ile 92. Januari 2012 walikutana na Blackpool Kombe la FA, wakapigwa 5-1, na lile moja lilikuwa la Vardy. Mei mwaka huo Leicester wakatoa pauni milioni 1, rekodi kwa mchezaji wa daraja lile. Alikuwa na miaka 25.

Kila aliyemuuza alipata chake. Ndiyo maana kulikuwa na watu wa kumwangalia kijana wa miaka 23 kwenye uwanja wenye watazamaji mia chache. Kwetu mchezaji wa mchangani anahama bila mkataba na bila ada, na yule mwalimu aliyemnunulia viatu vya kwanza anaambulia kushikwa mkono siku ya harusi. Sasa kama hakuna anayepata kitu kwa kumkuza mtu taratibu, kila mmoja anataka bidhaa ambayo bado mbichi, na swali la kwanza linakuwa umri.

Nilimsindikiza jirani yangu kwenye majaribio ya timu moja, miaka kadhaa iliyopita. Kabla hajagusa mpira, bwana mmoja mwenye daftari akamuuliza, "Una miaka mingapi?" Jirani akajibu kwa uaminifu: 22. Yule bwana akasema, "Mzee huyo," akaita jina linalofuata. Jirani alicheza dakika kumi na tano za huruma mwishoni, upande wa beki, wakati yeye ni winga. Kwenye daladala ya kurudi hakuongea hadi tulipokaribia kushuka. Akasema, "Kumbe ningesema 18." Vyeti vya kuzaliwa huzaliwa upya kwenye daladala za namna ile. Siutetei udanganyifu wa umri, lakini wanaoulaani wamuulize na yule mwenye daftari.

Na kwetu ngazi ikikosekana, mwenye bahati huipata kwa jirani. Mbwana Samatta alitoka Mbagala, akapita Simba, kisha mwaka 2011 akavuka kwenda Lubumbashi kwa TP Mazembe. Huko alikaa, akakomaa, akatwaa ubingwa wa Afrika 2015, ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji. Aston Villa walimchukua Januari 2020, na mechi yake ya kwanza ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya nani? Leicester. Nakumbuka watu wakisema amechelewa, tayari ana 27. Vardy naye alipoanza kucheza Ligi Kuu mwaka 2014 alikuwa na 27 hiyohiyo.

Kuna kipande kingine ambacho nadhani ni kikubwa kuliko kile kiwanda. Msimu wake wa kwanza Leicester, 2012/13, Vardy alifunga mabao manne tu ya ligi. Mashabiki walimsema mitandaoni, na mwenyewe ameeleza kwamba alifikiria kuachana na soka la juu. Kocha Nigel Pearson hakumwacha. Msimu uliofuata akafunga 16, Leicester wakapanda kutoka daraja la pili kuingia Ligi Kuu. Sasa fikiria mabao manne kwa mshambuliaji aliyevunja rekodi ya bei, halafu ana miaka 26, halafu ametoka mchangani. Hapa kwetu angefika Januari? Benchi lenyewe la ufundi lisingefika Januari.

Mengine mnayajua, nitapita haraka. Msimu wa 2015/16 alifunga mechi 11 mfululizo, na tarehe 28 Novemba akaipita rekodi ya Ruud van Nistelrooy ya mechi 10, mbele ya Manchester United ileile aliyokuwa akiichezea Van Nistelrooy. Mabao 24 msimu mzima. Leicester walikuwa wamepewa odi ya 5,000 kwa 1 mwanzoni, na hadi leo kila mtaa una mtu anayeapa kwamba alitaka kuwaweka kwenye mkeka, mke wake akamzuia. Siku ubingwa ulipothibitishwa, tarehe 2 Mei, Leicester hawakuwa hata uwanjani. Wachezaji walikuwa nyumbani kwa Vardy wakiitazama Tottenham ikitoka sare ya 2-2 na Chelsea, kama sisi tu, tofauti ni kwamba jenereta lao halizimiki.

Sitaki kumfanya malaika. Mwaka 2015 alinaswa kwenye video akimtolea mtu maneno ya kibaguzi kasino, klabu ikampiga faini, akaomba radhi. Kwenye kitabu chake ameeleza jinsi alivyokuwa akiloweka peremende ndani ya vodka na kunywa. Vijana msiige hilo. Ukipenda mtu kwa kipaji chake huna haja ya kumpaka rangi nyeupe.

Kinachonivutia zaidi ni upande wa pili wa saa. Arsenal walimtaka kiangazi cha 2016, akakataa. Msimu wa 2019/20 akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 23, akiwa na miaka 33, umri ambao hakuna mfungaji bora wa ligi hiyo aliyewahi kuufikia. Mei 2021 akatwaa Kombe la FA. Timu ikashuka, akabaki, ikapanda naye, ikashuka tena. Tarehe 18 Mei 2025, dhidi ya Ipswich, alicheza mechi yake ya 500 na ya mwisho kwa Leicester na kufunga bao lake la 200. Mimi hujiambia kwamba labda miguu iliyoanza kulala kitandani mwa mchezaji wa kulipwa wa ligi kubwa ikiwa na miaka 25 ilikuwa bado na akiba. Daktari anaweza kunicheka. Lakini yule mwenye daftari hana haki ya kunicheka.

Septemba 2025 Vardy alisajiliwa na Cremonese ya Serie A, ligi kuu ya Italia, akiwa na 38. Habari ilipoonyeshwa kibandani, jirani yangu alikuwa amekaa benchi la mbele, ametoka kucheza ndondo, vumbi bado kwenye magoti. Akaitazama ile picha kwa muda, Vardy ameshika jezi anacheka.

"Thelathini na nane?" akasema. "Huyo naye amekata umri."