Oberon Pitterson na ubishi wa "chagua mchezo mmoja"

Kuna ubishi mmoja wa wapenzi wa michezo ya wanawake ambao umenichosha. Mchezaji akiwa mkali wa netiboli, halafu akaonekana kwenye uwanja wa kikapu, maneno yanaanza: anajichanganya, anapoteza muda, mshika mawili moja humponyoka. Nikisikia hivyo namkumbuka Oberon Pitterson wa Jamaika. Huyu mama aliichezea nchi yake netiboli, na baadaye akakaa benchi kama kocha wa timu ya taifa, wale wanaojulikana kama Sunshine Girls. Hapo katikati, miaka ya 1990, alikuwa Macomb, mji mdogo wa chuo uliozungukwa na mashamba ya mahindi huko Illinois, Marekani, akicheza mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Western Illinois. Timu ya wanawake ya chuo hicho enzi zile ikiitwa Westerwinds.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Kikapu hakikuiibia netiboli mchezaji. Netiboli ya wakati ule haikuwa na cha kumpa mwanamke zaidi ya jezi na wimbo wa taifa, na mwenye akili alitafuta mlango mwingine. Lawama anazotupiwa mchezaji zilipaswa kwenda kwa wenye mchezo.

Tazameni hali ilivyokuwa. Jamaika ni miongoni mwa nchi kubwa za netiboli duniani, na hilo halijaanza juzi. Mashindano ya dunia yaliwahi kufanyika Kingston mwaka 1971, na Sydney mwaka 1991 Jamaika ilirudi nyumbani na shaba. Kisiwani hakuna mchezo wa timu wa wanawake unaoushinda huo; mashindano ya shule za sekondari yanafuatiliwa kwa kelele, na msichana anayefunga vizuri anajulikana mpaka sokoni. Lakini akimaliza shule? Olimpiki hakuna: kamati ya Olimpiki iliutambua mchezo huu mwaka 1995 na mpaka leo haujachezwa huko hata mara moja. Michezo ya Jumuiya ya Madola iliukaribisha mwaka 1998, Kuala Lumpur. Kabla ya hapo jukwaa kubwa la maana lilikuwa mashindano ya dunia, mara moja kila miaka minne. Hata Australia na New Zealand, wanaocheza netiboli kama sisi tunavyocheza soka, wachezaji wao wengi walikuwa walimu na makarani wanaofanya mazoezi jioni.

Upande wa pili wa bahari kulikuwa na vyuo vya Marekani. Sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu ilivilazimisha vyuo kuweka timu za wanawake na kuzigharamia, pamoja na ufadhili wa masomo. Ufadhili huo uko kwenye riadha, wavu, soka na kikapu. Netiboli haumo, kwa sababu Wamarekani hawaichezi. Basi msichana wa Kijamaika aliyekulia kwenye netiboli, mrefu, mikono inayodaka kila kitu, akitaka digrii kwa jasho la mchezo ilibidi ajifunze kudunda mpira. Ni hesabu hiyo tu. Atakayemwita msaliti atuambie kwanza yeye angelipa ada kwa kutumia nini.

Watu hudhani kuhama kati ya michezo hii miwili ni kubadilisha jezi. Ni ndugu wa damu, kweli. James Naismith alibuni kikapu Springfield, Massachusetts, mwaka 1891, na miaka michache baadaye wanawake wa vyuo vya mazoezi ya viungo Uingereza wakakichukua, wakaugawa uwanja vipande vitatu, wakaondoa kudunda, ikazaliwa netiboli. Pete iko juu kwa kimo kilekile mpaka leo, mita 3.05. Lakini ndugu wa damu nao hawafanani tabia.

Chukua miguu. Kwenye kikapu ukidaka mpira unakimbia, mwili bado unakwenda, unadunda na kuendelea. Kwenye netiboli ukidaka mguu wa kwanza ukagusa chini, huo ndio nanga yako. Unaweza kukanyaga kwa mguu wa pili, unaweza kuunyanyua ule wa kwanza, ila ukiurudisha chini kabla mpira haujatoka mkononi filimbi inalia. Na una sekunde tatu tu. Mtu aliyezoea kikapu utamwona siku za mwanzo: anadaka vizuri, anatua vizuri, halafu mguu wenyewe unajiondokea kwa mazoea, mpira unakwenda kwa wapinzani. Goti nalo linapata taabu, maana kusimama ghafla kutoka mbio kamili kwa mguu mmoja si mchezo wa watoto.

Kufunga ndiko kugumu zaidi kwa anayetoka kikapu. Pete ya netiboli ina upana wa sentimita 38 hivi, ya kikapu inafika 45. Halafu hakuna ubao. Mfungaji wa kikapu maisha yake yote anaegemea ule ubao, anaugonga kwa kona, mpira unadondokea ndani. Ondoa ubao na kosa dogo linakuwa kosa kweli: mpira unapita nyuma ya nguzo, unatoka nje. Inabidi mkono ujifunze upya kuupandisha mpira juu sana ili ushuke wima. Afueni ni moja, beki haruhusiwi kukukaribia chini ya mita 0.9 kutoka mguu wako uliotua, ingawa akiwa na mikono ya Shamera Sterling, beki wa Jamaika, umbali huo hausaidii sana.

Sasa geuza shilingi. Mchezaji wa kikapu analeta nini netiboli? Analeta mgongo. Kazi ya mchezaji mrefu chini ya goli la kikapu ni kumweka beki nyuma yake, kuinama kidogo, kutanua makalio, kunyanyua mkono mmoja na kusema kwa mwili wote: leta hapa. Kazi ya GS, yaani mfungaji mkuu wa netiboli wa siku hizi, ni hiyohiyo. Na analeta macho ya ribaundi, ule ujuzi wa kusoma mpira utakapodondoka kabla haujagonga pete. Kwenye netiboli kosa likirudi mikononi mwa mfungaji mwenyewe ni kama halikutokea. Ndiyo maana nikisikia kocha wa netiboli aliyepita kikapu cha chuo nasikiliza kwa makini. Amejifunza somo hili katika nchi ambako ribaundi inahesabiwa na kuandikwa kila mechi.

Nikija kwa wanaosema "Wajamaika ni urefu tu", hapo damu huchemka kidogo. Mfungaji wao Romelda Aiken ana mita 1.96. Mwenzake Jhaniele Fowler ana 1.98. Ni kweli ni warefu, hata mlango unawajua. Lakini warefu wako wengi duniani. Mtazameni Fowler pasi ya juu inapokuja. Senta yuko mbali, karibu na katikati, anaurusha mpira unaopanda hadi unaonekana umepotea. Beki anaruka mbele kuukata. Fowler haruki kwanza. Anasogeza kiuno nusu hatua, anamfungia beki njia, kisha ananyoosha mkono mmoja na kuudaka mpira kwa vidole kama anachuma embe. Anatua, anageuka, anafunga. Mara hamsini katika mechi moja, kwa usahihi unaozidi asilimia 90 msimu mzima. Hiyo nusu hatua ya kiuno hazaliwi nayo mtu.

Aiken ndiye aliyefungua njia. Ligi ya pamoja ya Australia na New Zealand ilianza mwaka 2008, na Queensland Firebirds wakamchukua akiwa na umri wa miaka 19. Akawapa ubingwa 2011, msimu ambao hawakufungwa hata mechi moja, kisha 2015 na 2016. Fainali ya 2015 waliishinda Swifts ya New South Wales 57–56, ya mwaka uliofuata ikaenda muda wa nyongeza mara mbili. Fowler alifuata mwaka 2013, akianzia Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand, kwenye baridi ambayo mtoto wa Montego Bay hakuiwazia. Alikuwa amekuwa mama akiwa bado kijana mdogo, na mtoto alibaki kisiwani. Aliposhinda ubingwa na Southern Steel mwaka 2017 alihamia Perth, West Coast Fever, na kuanzia 2018 akawa anachukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka baada ya mwaka mpaka ikakosa mshangao. Ubingwa wenyewe ulimsubiri hadi 2022, walipowafunga Melbourne Vixens 70–59 nyumbani.

Katikati ya hayo, mwaka 2020, wakubwa wa ligi ya Australia walileta sheria ya goli la pointi mbili: dakika tano za mwisho za kila robo, ukifunga kutoka ukingo wa nje wa duara unapata mbili. Wachezaji walilalamika kwamba hawakushirikishwa. Mimi naona lilikuwa ni jaribio la kuigeuza netiboli iwe kikapu cha pointi tatu kwa ajili ya televisheni, na waliolengwa, hata kama hakuna aliyetamka, ni wanawake warefu wanaofunga chini ya nguzo. Mwaka uleule Fowler akatwaa tena tuzo. Nilicheka sana.

Msinielewe vibaya, sisemi kila kitu cha kikapu ni sumu kwa netiboli. Nasema mchezaji achukue anachohitaji. Shuleni kwetu uwanja ulikuwa mmoja wa saruji, mistari ya netiboli imechorwa kwa chokaa juu ya ile ya kikapu, na kulikuwa na dada mmoja mrefu aliyegombaniwa na walimu wawili. Mwalimu mmoja alimwambia achague, asipochagua atakatwa kwenye timu ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania. Akachagua kuacha yote. Hakuna aliyepata faida, na uwanja ulibaki palepale.

Matunda ya njia walizofungua akina Aiken yalionekana wazi Birmingham mwaka 2022. Kwenye makundi ya Jumuiya ya Madola Jamaika iliwafunga Australia 57–55, ikaingia fainali kwa mara ya kwanza, ikapoteza kwa Australia haohao 55–51. Mwaka uliofuata Cape Town, Kombe la Dunia la kwanza kuchezwa Afrika, wakachukua shaba kwa kuwafunga New Zealand 52–45. Wachezaji kadhaa wa kikosi hicho, wakiwemo Fowler na Sterling, walikuwa wanakula mshahara wa klabu za Australia. Baada ya mwisho wa miaka ya 1990, kila shaba ya Jamaika kabla ya ligi ya pamoja kuanza mwaka 2008, Manchester 2002, Kingston 2003, Auckland 2007, ilipatikana bila ligi za namna hiyo, kwa wachezaji walioomba ruhusa kazini. Hizo ndizo ninazozionea fahari zaidi, kama mtaniruhusu upendeleo.

Cape Town ileile Uganda walimaliza nafasi ya tano, na kwa sisi wa Afrika Mashariki hilo si jambo la kupita. Taifa Queens wetu wa Tanzania hawakuwepo. Ukitaka kujua hao Waganda, She Cranes, wamefikaje, fuata nyayo za Peace Proscovia, aliyekwenda Loughborough Uingereza kisha Australia, na Mary Cholhok Nuba aliyemfuata Loughborough na kuwa mfungaji tishio wa ligi ya Uingereza. Ni njia ileile ya Wajamaika: mfungaji mrefu, klabu inayolipa, chuo kilicho jirani. Tofauti na enzi za Pitterson ni kwamba sasa netiboli yenyewe imepata mlango, ingawa mwembamba. Nafasi za wachezaji wa nje kwenye klabu za Australia na Uingereza zinahesabika, na wanaozigombea ni Wajamaika, Waafrika Kusini, Wamalawi, Waganda. Marekani kuna vyuo mamia kwa mamia vyenye timu za kikapu za wanawake. Kwa hiyo binti mwenye kimo anayeniuliza leo, nitamwambia acheze yote mawili mpaka mmoja umlipe.

Aiken, ambaye sasa anaitwa Aiken-George, alitwaa ubingwa mwingine wa Australia mwaka 2024 akiwa na Adelaide Thunderbirds, umri miaka 35, tayari mama. Miaka 16 ya kulipwa kwa kufunga magoli. Pitterson alipokuwa Macomb, kazi ya namna hiyo kwenye netiboli haikuwepo popote duniani, na walioshindwa kuianzisha mapema walikuwa maofisini, si uwanjani.